Fundi Aliyeona Haya Kuinama

Jirani zangu, sogezeni viti karibu, maana jambo hili si la kusemea mbali. Haya ninayowasimulia yaliwapata watu wanaoamka asubuhi kama sisi, wanaofanya kazi kama sisi, na wanaodanganyika kama sisi. Na wewe unayetafuta gari lililokwisha tumika kwa sababu jipya huliwezi, wewe hasa ndiye ninayekuomba usiondoke kabla sijamaliza.

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, grili za madirisha na ngazi za ghorofani, na kwa kuwa cheche zilimruka huku na huku tangu asubuhi, watu walimwita Fundi Cheche. Mkewe ndiye aliyepaka rangi kazi zote zilizotoka mikononi mwake, naye wateja wakamwita Mama Rangi. Karakana yao ilikuwa ubavuni mwa nyumba yao wenyewe: paa la mabati, sakafu ya saruji iliyojaa vipele vya chuma kilichoyeyuka, na nyuma, mbali na vumbi la grainda inayosaga chuma, kamba mbili ambako mama alitundika vipande vidogo vikauke. Watoto wao pacha walirudi kutoka shule mchana wakafanyia hesabu zao hapohapo, juu ya bamba la chuma lililokuwa likisubiri kuwa mlango wa mtu.

Ilikuwa nyumba ya amani. Cheche alikuwa na jicho: akitazama mshono wa chuma uliochomelewa na mtu mwingine, aliweza kukwambia kama fundi yule alikuwa na haraka au alikuwa na njaa. Mama Rangi alikuwa na kucha. Akikwaruza rangi kidogo, akainusa, alikutajia imepakwa lini, na kama chini yake kuna chuma safi au kutu iliyofichwa. Mageti yao waliyasafirisha kwa gari la kukodi. Hawakuwa matajiri, lakini sufuria ilichemka kila siku na kicheko hakikukosekana.

Amani hiyo ilivurugwa na maneno machache tu ya shemeji.

Shemeji huyo alikuwa kaka mkubwa wa Mama Rangi. Alivaa miwani nyeusi juani na kivulini, mpaka wapwa zake wakamwita Mjomba Miwani, na kazi yake hasa hakuna aliyeijua. Alikuwa "anahangaika na mambo". Siku hiyo alikuja, akasimama katikati ya karakana, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Shemeji, fundi mkubwa kama wewe bado unakodi gari? Jana nimekuona umekaa nyuma juu ya mzigo, umelikumbatia geti kama mtu aliyeshika ng'ombe asikimbie. Nilikuwa na watu. Nikajifanya sikujui."

Cheche alicheka. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kucheka. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba akiba yao ya miaka minne sasa inunue gari.

"Gari tunalihitaji kweli," mkewe alijibu. "Lakini liwe gari la kubeba mageti, lisiwe la kubeba sifa."

"Sasa nani amezungumza habari za sifa?"

"Hakuna. Natahadharisha tu."

Basi Cheche akaanza kuuliza, na hapo ndipo kizunguzungu kilipoanza. Mwenye duka la vipuri alimwambia, nunua la dizeli, halili mafuta. Kinyozi akamwambia, dizeli ikikugomea pampu utauza na kitanda. Jirani mmoja, dereva mstaafu, alishikilia kwamba gari ni gia ya mkono na mengine yote ni mchezo wa watoto. Baba mmoja katika kikundi cha simu cha wazazi wa shule akaandika kwamba otomatiki ndiyo mpango mzima, na mama mwingine akajibu kwa picha ya gari lake otomatiki likiwa limefungwa kamba, linavutwa. Wengine walisema tazama kilometa. Wengine wakasema kilometa hurudishwa nyuma, usizitazame kabisa. Mmoja alisema jipu, mmoja akasema pikapu, na mmoja, aliyekuwa hajaulizwa kitu, akasema nunua kiwanja.

Cheche alikuwa na daftari la vipimo vya mageti. Ukurasa mmoja aliandika "dizeli", akafuta, akaandika "petroli", akafuta, akaandika "dizeli" tena kwa herufi kubwa zaidi, kisha akaweka alama ya kuuliza. Siku ile alikata bomba fupi kuliko kipimo, kosa ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka tisa. Wahenga hawakukosea waliposema miluzi mingi humpoteza mbwa. Maskini Cheche alikuwa anaitwa kutoka pande zote, akawa anazunguka palepale alipo.

Mtu mmoja tu alimpa jibu fupi. Huyo alikuwa mwanamke fundi wa gereji iliyokuwa kwenye kona ya barabara yao, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na watu walimwita Dada Spana.

"Usiniulize gari gani, kaka," alisema huku akifuta grisi. "Majina hayo yote yana magari mazima na yana makopo. Gari la mtumba halina jina, lina maisha liliyopitia. Ukilipata unalolipenda, usilipe hata senti. Niite. Nitaingia chini, nitalisikiliza likiwa halijapashwa moto, nitaliendesha mlimani, nitasoma namba za chasisi nilinganishe na kadi. Utanilipa ujira wa siku moja."

"Hata kama silinunui?"

"Hasa kama hulinunui. Hapo ndipo nitakuwa nimekusaidia."

Cheche alirudi nyumbani akiwa hajui acheke au akasirike. Amlipe mtu ili aangalie tu? Alipomsimulia Miwani, Miwani alipiga kofi la kicheko.

"Atakulia pesa yako bure! Shemeji, mimi nipo. Kuna yadi naifahamu. Jumamosi vaa vizuri, maana ukienda umechakaa wanakuuzia kilichochakaa."

Jumamosi Cheche alivaa shati jeupe alilolivaa mara ya mwisho harusini. Mama Rangi akafuatana nao. Yadi ilikuwa uwanja wa kokoto, magari yamepangwa pua mbele, na wanunuzi wengine wanaume kama saba hivi wanazungukazunguka wakipiga tairi mateke bila kujua wanatafuta nini. Mwenye yadi alikuwa mtu mpole, sauti yake laini kama mafuta ya nazi. Akawapeleka moja kwa moja kwenye pikapu nyekundu ya milango minne, ndefu, mabomba ya kung'aa mbele na nyuma. Cheche alipojiona kwenye ule wekundu, na shati lake jeupe, alihisi amekuwa mrefu.

Injini ikawashwa, ikanguruma vizuri. Redio ikawashwa. Viti vilinukia sabuni. Akauliza habari za dizeli na petroli, akajibiwa. Akauliza habari za gia, akajibiwa. Na kila jibu lilikuwa tamu, kwa hiyo hakukumbuka hata moja.

Mama Rangi hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechuchumaa karibu na tairi la nyuma, mkono umepita ndani. Alikwaruza, akainusa kucha yake.

"Baba Pacha," aliita, "njoo uone. Huku chini kumepakwa rangi mbichi, haijamaliza mwezi. Gari lina miaka kumi na miwili. Kwa nini mtu alipake tumbo jipya?"

Wanaume waligeuka. Mmoja akacheka. Miwani akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Dada yangu, hili si geti!" Hapo wakacheka wote.

Jirani zangu, nataka mlijue hili vizuri: Cheche alitaka kuinama. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kunjika. Kama angelala chali dakika moja tu juu ya zile kokoto, jicho lile lililojua njaa na haraka za mafundi lingemwambia kila kitu. Lakini aliona shati lake jeupe, akaona wale wanaume saba, na mwenye yadi akamshika bega kwa upole.

"Mheshimiwa, watu wa hadhi yako hawagaagai chini. Chini tunapaka dawa ya kutu kwa usalama wa mteja. Na samahani kukuharakisha, lakini yule bwana pale mwenye kofia anakwenda benki sasa hivi kwa ajili ya hilihili."

Alivikwa kilemba cha ukoka, akakaza shingo kisimdondoke.

"Mama, nyamaza kidogo," alimwambia mkewe mbele ya watu wale. "Tusiaibishane."

Mama Rangi alisimama, akafuta kucha yake kwenye kanga, akaenda kusubiri getini. Cheche akatia saini karatasi ambayo hakuisoma hadi chini.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Pacha walipanda nyuma wakipunga mikono kama viongozi. Wiki ya tatu, mlango wa nyuma wa kushoto ukakataa kufunga. Kisha tairi za nyuma zikaanza kuliwa upande mmoja. Kisha mtu aliyekuwa nyuma yake barabarani akampigia honi, akamsogelea na kumwambia, "Kaka, gari lako linatembea upande kama kaa. Unajua?"

Hakujua. Na aliporudi kuuliza, miluzi ikaanza upya. Wa kwanza alisema ni tairi, akabadilisha tairi. Wa pili akasema ni shokapu, akabadilisha shokapu. Wa tatu akasema ni springi, wa nne akasema ni uendeshaji wake. Miwani alisema magari makubwa yote hutembea hivyo. Cheche alisimama mbele ya gari lake mwenyewe kama mwanafunzi mbele ya ubao ulioandikwa lugha ngeni. Kila kifaa kilikuwa kipya, na ugonjwa ulikuwa uleule.

"Lipeleke kwa Dada Spana," mkewe alisema.

"Nitalipeleka wiki ijayo."

Alisema hivyo wiki nne. Ukweli ni kwamba aliona haya. Angeanzaje kumtazama usoni?

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano asubuhi. Walikuwa wamebeba geti la shule, geti zito la mabawa mawili, Mama Rangi amekaa mbele na kopo la rangi ya kumalizia miguuni. Barabara ya shule ina tuta moja refu kwenye mteremko. Cheche alipunguza mwendo vizuri, kama inavyotakiwa. Tairi za mbele zikapanda, zikashuka. Za nyuma zikapanda.

Kukasikika mlio. Si mlio wa tairi wala wa injini. Ulikuwa mlio wa chuma kinachoachana, na Cheche aliujua mlio huo tangu ujana wake, lakini akili yake ilikataa kuupokea. Gari lilikunja mgongo katikati, sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo ikazama, kisha likarushwa mbele. Kamba zikakatika. Geti lote likateleza, likagonga kichwa cha gari kwa nyuma, bawa moja likapasua kioo na kumpiga Mama Rangi begani.

Kisha kukawa kimya, rangi ya kijani ikitiririka sakafuni.

"Mama! Mama Pacha!"

"Nipo," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono ndio siusikii."

Ulikuwa mkono wa kulia, mkono wa brashi. Daktari alisema bega limevunjika mahali pawili. Alisema pia kwamba bawa lile lingepita shubiri moja tu kushoto, tusingekuwa na hadithi ya kusimulia ila ya msiba. Mama Rangi hakumlaumu mumewe. Alimwuliza tu kama kulikuwa na watoto barabarani wakati ule. Hakukuwa na mtoto. Akafumba macho.

Gari lilivutwa hadi kwa Dada Spana. Safari hii Cheche hakuwa na shati jeupe. Alishuka pamoja naye katika shimo la kukagulia magari, akashika taa, na kwa mara ya kwanza akalitazama gari lake kutoka chini.

Palipokatika palikuwa na mshono. Mtu alikuwa ameunganisha nusu mbili za chasisi, akajaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, akalainisha kwa msasa, kisha akapaka nyeusi juu yake. Chini ya vile vyote chuma kilikuwa kimechomelewa juujuu, kwa moto mdogo, mashimo kama mkate. Upande wa pili mshono wa namna hiyohiyo ulining'inia kwa uzi.

"Magari mawili yaliyogongwa," Dada Spana alisema. "Moja limegongwa mbele, moja nyuma. Wamechukua nusu nzima za yote mawili. Tazama, namba hii na ile ya kwenye kadi hazifanani."

Cheche alipitisha kidole kwenye ule mshono.

"Alikuwa na haraka," alisema hatimaye. "Dada, ningeiona hii kazi nikiwa nimefumba jicho moja. Hii ndiyo kazi yangu."

"Najua, kaka."

"Na mke wangu aliiona kwa kucha."

Dada Spana alizima taa akamwacha apande juu peke yake.

Alikwenda yadini. Mwenye yadi akamletea karatasi, akamwonyesha mstari wa chini kabisa: limeuzwa kama lilivyo, mnunuzi amekagua akaridhika. Saini ilikuwa yake. Alikwenda kushitaki, akaambiwa aje Jumatatu, kisha aje Alhamisi, kisha alete shahidi. Siku alipopeleka shahidi, yadi ilikuwa kokoto tupu, na mwenye yadi amehamia kusikojulikana.

Jirani zangu, wengi mnadhani hadithi imeishia hapo. Kutapeliwa ni ajali. Mtihani ulikuja baadaye.

Miwani alikuja na mpango. "Shemeji, wewe ni fundi wa chuma. Chomelea mwenyewe, tena vizuri kuliko walivyofanya wao. Dada apake rangi. Ninaye mteja, mkunga, anataka gari la kuzungukia zahanati za mbali. Pesa yako inarudi yote."

"Nililolishwa mimi nimlishe mwingine?"

"Hulishi mtu. Ukilitengeneza si litakuwa zima? Uongo uko wapi?"

Mama Rangi, mkono kwenye bandeji, alisema kutoka kitini, "Nimebakiwa na mkono mmoja mzima. Sitautia katika hilo." Akaingia ndani.

Hapa ndipo Cheche alipochanganyikiwa kuliko siku zote za dizeli na petroli. Alichomelea. Kazi ikatoka nzuri, mshono umenyooka kama msumeno mpya. Akajiambia, basi limepona. Kisha akakumbuka Dada Spana alivyomwonya: chuma utakiunga, lakini chasisi iliyokwisha pinda huwezi kuinyoosha kwa macho, na gari hili halifai tena kupandwa na binadamu. Akajiambia, lakini nina watoto wawili. Akajiambia, lakini mkunga atakuwa na wagonjwa ndani. Akapaka nyeusi mwenyewe, vibaya, matone yakadondoka. Alikuwa kama watu wawili wanaovutana shati moja.

Mkunga alikuja mchana, amevaa sare nyeupe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, lakini machoni mwake Cheche aliona kitu anachokifahamu: uchovu wa mtu aliyeshauriwa mno. Mkononi alishika karatasi iliyoandikwa na kufutwafutwa.

"Nimeambiwa niulize habari za... za gia," alisema, akasoma karatasi, akakunja uso. "Samahani, sijui hata ninauliza nini. Niambie wewe, kaka. Lina tatizo lolote?"

"Halina!" Miwani alidakia. "Hili ni jiwe."

Mkunga alikuwa anamtazama Cheche. Kijasho chembamba kilimtoka fundi. Kisha akachukua kipande cha boksi, akakitandika chini ya gari.

"Dada, inama."

"Niiname? Na sare hii?"

"Sare itafuliwa. Inama uone."

Mkunga alibabaika, akamtazama huyu, akamtazama yule, mwisho akalala juu ya boksi. Cheche akalala kando yake kwenye saruji, akamwonyesha mshono wake mwenyewe kwa kidole, akamweleza yote: nusu mbili, namba mbili, tuta la shule, bega la mkewe. Hakubakiza kitu. Walipotoka chini mkunga alikuwa na mafuta shavuni.

"Ninabeba wajawazito," alisema tu. Akaenda zake.

Miwani alivua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira. "Unajua umenikosesha nini? Mara ya kwanza walinipa changu palepale yadini! Hata leo ningepata!"

Kila mtu alisikia. Mama Rangi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaka," alisema polepole, "siku ile uliponicheka, ulikuwa umeshalipwa?"

Miwani alivaa miwani yake akaondoka, na mpaka leo wapwa zake wakimwona barabarani humwamkia, naye hupita upande wa pili.

Cheche aliwasha gesi akalikata gari lile vipande, chasisi yote, isibaki nusu ya kuungwa tena na mwenye njaa mwingine. Injini na gia aliviuza kwa kusema vimetoka wapi. Kilichopatikana hakikufika hata robo ya akiba. Akarudi kukodi.

Miezi miwili baadaye mkunga alirudi, safari hii na ovaroli, na Dada Spana ubavuni mwake. "Nimekuja kuwachukua," alisema. "Sitaki ushauri. Nataka macho yenu."

Wakaenda wanne. Walikagua magari matatu mahali tofauti. La kwanza Dada Spana aligusa boneti, akakuta injini imeshapashwa moto kabla hawajafika. Akageuka bila kuuliza bei. La pili Mama Rangi alilikwaruza mlangoni, akasema, "Hili limezama kwenye maji, kutu inatokea ndani kwenda nje." La tatu lilikuwa jipu la rangi ya maziwa yaliyochacha, bonde ubavuni, viti vimeshonewa viraka. Mwenyewe, mwalimu aliyekuwa anahama, alileta bahasha ya risiti za kila matengenezo na hakukataa swali. Cheche alilala chini yake hadi mkunga akadhani amesinzia. Alipotoka alikuwa vumbi tupu.

"Baya," alisema, "lakini halijawahi kuvunjika mgongo. Lichukue."

Watu wa mtaa ule walikuwa wamekusanyika, kama watu wanavyokusanyika penye gari linalouzwa. Mkunga alipokuwa anaandikiana na mwalimu, Cheche alimvuta mkewe pembeni.

"Mama Pacha, siku ile uliniambia, nikakunyamazisha. Nisamehe."

Mama Rangi alimtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado haupandi juu ya kifua.

"Ulininyamazisha mbele za watu," alisema. "Pembeni sipokei."

Cheche akageuka kwa watu wale asiowajua, vumbi kichwani hadi miguuni, akapaza sauti: "Jamani, nisikilizeni. Mke wangu huyu aliona kosa la gari ambalo mimi fundi sikuliona. Nikamwambia anyamaze, nikaona haya kuinama. Bega lake limevunjika kwa ajili yangu. Namwomba radhi, na ninyi ni mashahidi."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Nimepokea," Mama Rangi alisema. Akamkung'uta vumbi mgongoni kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

MAFUNZO

Wewe mwenye akiba ndogo, sikiliza. Asiye na pesa nyingi ndiye asiyeweza kukosea mara mbili, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kuona haya. Inama. Lala chini. Uliza mara tatu. Linganisha namba na kadi, soma karatasi hadi mstari wa chini, na umlipe fundi asiye na faida katika mauzo yale akuangalizie, kwa maana ujira wa siku moja ni mdogo kuliko bega la mkeo. Anayekuharakisha ana sababu yake, na sababu hiyo si wewe.

Ushauri wa watu hamsini si elimu, ni kelele. Kabla ya kuutafuta, jiulize wewe mwenyewe na wa nyumbani kwako mnajua nini. Cheche alikuwa na jicho na mkewe alikuwa na kucha, lakini siku walipovihitaji, jicho liliona haya na kucha ikanyamazishwa.

Na ukishatapeliwa, jirani yangu, kubali kuumia. Mtego uliokunasa usiutege tena barabarani kwa mwenzako. Pesa itachelewa kurudi, au haitarudi kabisa. Lakini utaweza kumwambia mtu ainame chini ya kazi yako, nawe usitoke jasho.